Rais mpya, sera zilezile: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Awamu ikibadilika, maswali ni hayahaya, iwe kijiwe cha kahawa Kariakoo, daladala ya Mbagala au kundi la WhatsApp la ukoo. Tumeyakusanya na kuyajibu kwa mifano ya nyumbani Tanzania kwanza, kisha ya majirani na ya mbali pale inapoongeza kitu. Yamepewa namba ili jibu moja lisirudiwe mara tatu.

## Mambo ya kuanzia

1. Tukisema rais "ameendeleza yaleyale", tunazungumzia nini hasa?

Watu huchanganya vitu vitatu. Kuna miradi: reli, daraja, bwawa. Kuna sera za uchumi: nani amiliki nini, kodi ipi itozwe, mwekezaji apewe nini. Halafu kuna mamlaka ya kiti chenyewe: nani anamteua nani, nani anaweza kufungia gazeti, nani anaweza kuzuia mkutano wa hadhara.

Vitatu hivi havirithiwi kwa namna moja. Miradi huendelezwa kwa sababu kuiacha njiani ni hasara. Sera za uchumi hubadilika mara nyingi kuliko wengi wanavyodhani, hata ndani ya chama kimoja. Mamlaka ya kiti ndiyo hupita salama awamu hadi awamu, na ndiyo yanayoguswa kidogo kuliko yote kwenye kampeni. Ukiuliza "amebadilisha nini?", amua kwanza unauliza kuhusu kipi.

2. Chama ni kilekile tangu uhuru, TANU kisha CCM. Kuna mabadiliko gani ya kutegemea?

Ya uchumi yapo, tena makubwa. Azimio la Arusha la Februari 1967 liliweka njia kuu za uchumi mikononi mwa dola na kumkataza kiongozi kuwa na mishahara miwili, hisa au nyumba za kupangisha. Ali Hassan Mwinyi aliingia Ikulu Novemba 1985 bila kuahidi kulizika. Mwaka uliofuata serikali yake ikakubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa, ambalo Nyerere alikuwa amevutana nalo kwa miaka. Bidhaa zikarudi madukani, na watu wakambatiza Mzee Ruksa. Mwaka 1991 Azimio la Zanzibar likaondoa yale masharti ya viongozi. Benjamin Mkapa (1995–2005) akabinafsisha mashirika ya umma. John Magufuli akarudisha mkono wa serikali: ndege, reli, bwawa, sheria za madini za 2017. Samia Suluhu Hassan akawafungulia tena milango wawekezaji, hadi mikataba ya bandari ya Dar es Salaam na DP World ya Oktoba 2023.

Sasa fuatilia upande wa pili. Tume ya Jaji Francis Nyalali, iliyoundwa 1991, ilitaja sheria 40 kandamizi za kufutwa au kurekebishwa. Mojawapo ilikuwa Sheria ya Magazeti ya 1976, iliyompa waziri uwezo wa kufungia gazeti. Mwinyi aliiacha, Mkapa aliiacha, Jakaya Kikwete aliiacha na serikali yake ikaitumia: MwanaHalisi lilifungiwa 2012, Mwananchi na Mtanzania 2013. Ilipokuja kufutwa 2016, Sheria ya Huduma za Habari iliyoshika nafasi yake ikaongeza sharti la leseni, na uwezo wa kuzuia machapisho ukabaki. Uchumi wa nchi umepinduliwa na kupinduliwa tena. Kufuli la gazeti halijatoka mlangoni.

3. Kwa nini waahidi mabadiliko wakati wanajua hawatabadili?

Wengine wanajua. Wengi, kwa maoni yetu, hawajui, kwa sababu hawajakaa upande ule wa meza wa kupokea bili. Lakini hilo haliwaokoi wagombea wetu: Magufuli alikuwa waziri chini ya Mkapa na Kikwete, na Samia alikuwa Makamu wa Rais kwa zaidi ya miaka mitano kabla ya kuapishwa. Anayetoka ndani ya baraza la mawaziri hana haki ya kushangaa hali aliyoikuta.

Kuna sababu ya kawaida zaidi. Mgombea wa chama kilekile lazima aahidi kitu kipya bila kumsema vibaya aliyemwachia kijiti, ambaye bado ni mwenyekiti wa chama siku ya kampeni (swali la 8). Ndiyo maana kaulimbiu zetu huzungumzia mwendo: "Ari mpya, nguvu mpya, kasi mpya" ya 2005, "Hapa Kazi Tu" ya 2015, "Kazi Iendelee" ya 2021. Zisome tena. Hakuna hata moja inayosema tunaelekea wapi.

## Kinachomfunga mikono

4. Akiapishwa Novemba, kwa nini asianze na bajeti yake mwenyewe?

Mwaka wa fedha wa serikali huanza 1 Julai na kuisha 30 Juni. Uchaguzi ni Oktoba, kiapo mwanzoni mwa Novemba. Rais mpya hutumia karibu miezi minane bajeti iliyoandaliwa na kupitishwa kabla yake. Magufuli alirithi ya 2015/16, shilingi trilioni 22.5.

Katika miezi hiyo anachoweza kufanya ni kuhamisha fedha kidogo kidogo, na kwa kishindo. Desemba 2015 sherehe za Uhuru zilifutwa, na shilingi bilioni 4 zikaelekezwa kupanua barabara ya Mwenge–Morocco hapa Dar es Salaam. Watu waliipenda, na barabara ilihitajika. Ila bilioni 4 ndani ya trilioni 22.5 haifiki hata sehemu moja ya elfu tano.

Mabadiliko yake halisi yalionekana Juni 2016: bajeti ya 2016/17 ilipanda hadi trilioni 29.5, na fungu la maendeleo likatoka asilimia 26 hadi asilimia 40. Kwa hiyo usimhukumu rais kwa siku 100 za kwanza, iwe kwa kumsifu au kumponda. Subiri Juni ya kwanza, uone ametenga nini. Kisha subiri Juni ya pili uone kilichotolewa kweli (swali la 10).

5. Deni linambana kiasi gani?

Kuliko kitu kingine chochote. Ibara ya 141 ya Katiba inasema Deni la Taifa hudhaminiwa na Mfuko Mkuu wa Hazina. Maana yake kwa lugha ya mtaani: hulipwa kwanza, mengine baadaye. Kwenye vitabu vya bajeti linakaa Fungu 22.

Chukua 2024/25. Bajeti yote ilikuwa shilingi trilioni 49.35. Deni lilitengewa trilioni 13.13, mishahara trilioni 11.77. Jumla ni trilioni 24.9, zaidi ya nusu, na hapo hujanunua hata chaki moja ya shule. Ahadi zote za jukwaani zinagombania kilichobaki, na ndani ya kilichobaki mna miradi iliyokwisha kusainiwa.

Mfano mkali zaidi uko Ugiriki. Chama cha Syriza cha Alexis Tsipras kilishinda Januari 2015 kwa ahadi ya kukataa masharti ya wakopeshaji. Tarehe 5 Julai wananchi walipiga kura ya maoni, asilimia 61 wakasema hapana. Tarehe 13 Julai, siku nane baadaye, Tsipras alikubali masharti. Benki zilikuwa zimefungwa na fedha zimekauka.

6. Si avunje tu mikataba mibovu ya mtangulizi?

Anaweza. Bili itafika, na mara nyingi itampata mwingine Ikulu.

Tazama IPTL, mtambo wa megawati 100 pale Tegeta. Mkataba wa kuuziana umeme na TANESCO, shirika la umeme la taifa, ulisainiwa 1995, mwishoni mwa Mwinyi, kwa miaka 20. Mtambo ulianza kuzalisha kibiashara 2002 chini ya Mkapa, baada ya mvutano mrefu wa usuluhishi kuhusu gharama. Sakata la akaunti ya Escrow, zilikowekwa fedha zenye mgogoro, likalipuka Bungeni 2014 chini ya Kikwete. Mwaka 2016, Magufuli akiwa madarakani, kituo cha Benki ya Dunia cha usuluhishi wa migogoro ya uwekezaji kikaiamuru TANESCO ilipe zaidi ya dola milioni 148 kwa benki iliyokuwa imelinunua deni la mtambo huo. Karatasi moja, marais wanne.

Au leseni ya nikeli ya Ntaka Hill. Mabadiliko ya sheria ya madini ya 2017 yalifuta aina ya leseni iliyokuwa ikishikiliwa na mwekezaji pale. Mwekezaji akaenda kwenye kituo hichohicho, akashinda Julai 2023 zaidi ya dola milioni 109, na 2024 serikali ikamalizana naye kwa dola milioni 90. Uamuzi wa Awamu ya Tano, risiti ya Awamu ya Sita.

Ya ajabu kuliko zote ni ndege ya ATCL, shirika la ndege la taifa, iliyozuiwa Johannesburg Agosti 2019. Deni lilikuwa la fidia ya mali za mkulima mmoja zilizotaifishwa miaka ya 1980.

Kuvunja mkataba si kosa kila mara. Kuna kupitia upya kwa hesabu: baada ya mvutano wa makinikia (mchanga wa madini) wa 2017, serikali ilipata hisa asilimia 16 ndani ya Twiga Minerals, kampuni ya ubia na Barrick. Samia hakuzigusa hisa hizo. Linaloharibu ni kuvunja kwa tamko, kabla wanasheria hawajasoma kifungu cha usuluhishi na kifungu cha fidia.

7. Mkeka umetoka, mawaziri wapya. Hayo si mabadiliko?

Mkeka ndio habari inayosomwa kuliko zote nchini na pengine ndiyo isiyotabiri lolote. Waziri lazima awe mbunge. Rais anaweza kuteua wabunge hadi kumi, lakini wengine wote huwachukua kutoka bungeni, yaani kwa watu walewale waliopitisha sera unazotaka zifutwe. Anayeshika fedha za wizara ni Katibu Mkuu, Ofisa Masuuli. Wanaoandika rasimu ya sera ni wakurugenzi wa idara, na wao huandika kwa kunakili ya mwaka jana na kubadilisha takwimu.

Teuatengua ya mara kwa mara hata huimarisha mwendelezo. Waziri anayekaa miezi tisa hawezi kusoma mafaili, achilia mbali kuyapinga, anasaini anacholetewa. Ukitaka kujua kama mkeka una maana, ruka majina ya mawaziri na uangalie vitu viwili: Katibu Mkuu wa Hazina, na kama muundo wa wizara umeguswa.

8. Uenyekiti wa chama una uzito gani kwenye haya?

Mkubwa, na husahaulika. Kwa miaka mitano, 1985 hadi 1990, Mwinyi alikuwa rais wakati Nyerere akiwa bado mwenyekiti wa CCM. Mageuzi yake yalikwenda kwa tahadhari, na Azimio la Zanzibar lilisubiri hadi 1991, Nyerere akiwa ameshaachia. Tangu hapo muda umefupishwa: Mkapa alikabidhiwa uenyekiti 1996, Kikwete 2006, Magufuli Julai 2016. Samia alisubiri wiki sita tu, hadi 30 Aprili 2021.

Hadi kofia zote mbili zikae kichwani, rais anatekeleza ilani iliyoandikwa chini ya mwenyekiti mwingine. Baada ya hapo kisingizio hicho kinaisha.

## Kupima

9. Nitajuaje badiliko ni la kweli au ni la mdomo?

Uliza limeandikwa wapi. Ngazi ni tano, kutoka dhaifu hadi imara: tamko, waraka, kanuni, sheria, Katiba. Kila badiliko linaweza kufutwa na karatasi ya ngazi ileile lililotokea.

Zuio la mikutano ya hadhara ya vyama vya siasa lililetwa kwa tamko 2016, ingawa sheria ya vyama vya siasa iliruhusu mikutano. Samia aliliondoa tarehe 3 Januari 2023, nalo kwa tamko. Wapinzani walishangilia, na walikuwa na haki ya kushangilia, lakini sheria haikuongezwa hata neno moja la kuzuia yasijirudie. Wanafunzi wanaojifungua waliruhusiwa kurudi shuleni Novemba 2021: waraka. Ni ngazi moja juu ya tamko, bado chini ya kanuni.

Kisha kuna ujanja wa jina. Sheria za uchaguzi za 2024 zimetupa Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi badala ya Tume ya Taifa ya Uchaguzi, na kamati ya usaili wa wajumbe. Mwenye kuteua, kwa ibara ya 74 ya Katiba, bado ni Rais. Kamati ya usaili ni kitu kipya na tusiidharau. Lakini badiliko lililokuwa likidaiwa lilikuwa la ngazi ya tano, lililoletwa ni la ngazi ya nne.

Utaratibu wa kufuata ni huu: tafuta kama tangazo limetoka kwenye Gazeti la Serikali na lina namba. Halina? Andika "tamko" pembeni na usilihesabu. Linayo? Soma kifungu kinachofutwa, si kichwa cha habari. Halafu tafuta maneno "Waziri anaweza". Huko ndiko mamlaka ya zamani hujificha ndani ya sheria mpya.

10. Vitabu vya bajeti nivisome vipi bila kuwa mhasibu?

Viko vinne: cha kwanza mapato, cha pili matumizi ya kawaida ya wizara, cha tatu matumizi ya kawaida ya mikoa, cha nne maendeleo. Hupatikana kwenye tovuti ya Wizara ya Fedha. Anza na cha nne.

Chagua ahadi moja tu. Tafuta wizara husika na namba ya fungu lake, kisha mradi wenyewe, na uandike kiasi kilichoidhinishwa. Kitabu huwa na safu ya mwaka uliopita; ilinganishe. Hatua ya tatu ndiyo wengi huiruka: fungua hotuba ya waziri ya mwaka unaofuata, inayosomwa Bungeni kati ya Aprili na Juni, na utafute fedha zilizotolewa hadi tarehe fulani. Mradi ulioidhinishiwa bilioni 50 na kupewa bilioni 6 haukutekelezwa, hata kama jiwe la msingi lina jina la mtu. Hatimaye linganisha na ripoti ya CAG (Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali), ambayo hukabidhiwa kwa Rais kufikia mwisho wa Machi na kuwasilishwa Bungeni Aprili.

Makosa ya kawaida ni matatu. La kwanza, kulinganisha shilingi za 2015 na za leo bila kutoa mfumuko wa bei. La pili, kusahau kwamba wizara hugawanywa: Ujenzi na Uchukuzi vilitenganishwa Agosti 2023, na asiyejua ataona fungu "limekatwa" wakati limehamia mlango wa pili. La tatu, kuchukua ahadi ya mkopo wa nje kama fedha iliyoingia.

11. Mradi uliozinduliwa na rais huyu lakini ukaanzishwa na yule ni wa nani?

Swali hili huleta ugomvi zaidi ya linavyostahili. Mwendokasi ulianza kujadiliwa jijini mwanzoni mwa miaka ya 2000. Wakala wa DART uliundwa 2007, ujenzi wa njia ya Kimara ukaanza 2012, yote chini ya Kikwete. Mabasi yalianza kubeba abiria Mei 2016, Magufuli akiwa na miezi sita Ikulu. Ujenzi wa njia ya Mbagala ukaanza 2019.

Kinachotakiwa kuulizwa ni kilichorithiwa pamoja na barabara. Mtoa huduma wa mwaka 2016 aliwekwa kuwa wa mpito, mpito ukageuka miaka, na anayesimama Kimara saa kumi na mbili asubuhi anajua mabasi yalikuwa mangapi na foleni ilikuwa ndefu kiasi gani. Zege hupata mzinduzi. Mkataba wa uendeshaji hurithiwa kimyakimya, bila utepe.

12. Basi kila kuendeleza ni usaliti?

La. Ada ya shule ya msingi ilifutwa enzi za Mkapa, 2001. Magufuli akaondoa ada hadi kidato cha nne kuanzia Januari 2016. Samia akaongeza kidato cha tano na sita katika bajeti ya 2022/23. Huo ni mwendelezo wa miaka ishirini ambao hakuna mzazi Temeke anayeuita usaliti, ingawa michango ya shule ni habari nyingine.

Bwawa la Julius Nyerere lenye mashine tisa za megawati 235, jumla 2,115, lilisainiwa Desemba 2018 na mashine ya kwanza ikawashwa Februari 2024. Unaweza kuwa ulilipinga tangu mwanzo kwa sababu za mazingira ya Selous. Lakini kuliacha nusu 2021 kungekuwa na hasara ya pande zote mbili: msitu umeshakatwa, umeme hakuna.

## Maswali magumu

13. Katiba mpya imepigwa danadana na nani?

Na wote, kila mmoja kwa mguu wake. Kikwete aliuanzisha mchakato: sheria 2011, Tume ya Jaji Joseph Warioba 2012, rasimu ya pili Desemba 2013 iliyopendekeza serikali tatu. Bunge Maalum lilianza Februari 2014, wapinzani wa UKAWA wakatoka Aprili, na Oktoba 2014 ikapitishwa Katiba Inayopendekezwa yenye serikali mbili. Kura ya maoni ya 30 Aprili 2015 ikaahirishwa kwa sababu uandikishaji wa wapiga kura haukukamilika. Magufuli alisema haikuwa kipaumbele chake. Samia, ambaye 2014 alikuwa Makamu Mwenyekiti wa Bunge Maalum lenyewe, mwaka 2021 aliomba kwanza apewe muda wa kusimamisha uchumi.

Marais watatu wenye tabia tofauti kabisa wamefika kwenye jibu moja, kwa sababu Katiba ya 1977 inampa aliyepo Ikulu uteuzi mpana na, kwa ibara ya 41(7), matokeo ya urais yasiyohojiwa mahakamani. Si rahisi kumkuta mtu anayeharakisha kupunguza kiti alichokalia.

14. Na zile R nne za Samia?

Maridhiano, ustahimilivu, mageuzi na kujenga upya (kwa Kiingereza zote huanza na R) zilikuja na mambo yanayoonekana. Februari 2022 magazeti manne yaliyofungiwa yalirudishiwa leseni. Mikutano ikaruhusiwa 2023. Kisha Aprili 2025 mwenyekiti wa CHADEMA, Tundu Lissu, akashtakiwa kwa uhaini, na chama chake kikaondolewa kwenye uchaguzi kwa kutosaini kanuni za maadili. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya kura, kulikuwa na maandamano na vurugu zilizoua watu, na intaneti ilizimwa. Katika uchaguzi wa Oktoba 2020 pia mitandao ya kijamii ilibanwa.

Lirudie swali la 9 ukiwa na orodha hii mkononi. Karibu kila kilichofunguliwa kilifunguliwa kwa tamko.

15. Akiingia mpinzani, si mambo yatabadilika? Mbona kwa majirani ni msitu mpya, nyani walewale?

Frederick Chiluba wa Zambia aliwekwa kizuizini 1981 kwa mamlaka ya hali ya hatari ya Kenneth Kaunda. Alimshinda Kaunda Oktoba 1991. Machi 1993 alitangaza hali ya hatari yeye mwenyewe. Mwaka 1996 katiba ikarekebishwa kwa kifungu cha uraia wa wazazi wa mgombea kilichomzuia Kaunda kugombea, na Desemba 1997 Kaunda akakamatwa. Uchumi wakati huohuo ulibadilishwa juu chini, kwa ubinafsishaji wa haraka. Ni mchoro uleule wa swali la 1, nchi nyingine, chama kingine.

Kenya, NARC ya Mwai Kibaki iliahidi katiba mpya ndani ya siku 100 baada ya Desemba 2002. Elimu ya msingi bila ada ilikuja Januari 2003, kweli na haraka. Katiba ilikuja Agosti 2010, baada ya rasimu iliyokataliwa kwa kura ya maoni 2005 na damu ya mwaka 2007 na 2008. Mikataba ya Anglo Leasing, kashfa ya zabuni hewa za usalama iliyoanza enzi za Moi, nayo, iliendelea kusainiwa.

16. Hata mataifa makubwa?

Hata huko. Barack Obama alisaini amri tarehe 22 Januari 2009 ya kufunga gereza la Guantánamo ndani ya mwaka mmoja. Kongresi ikazuia fedha za kuwahamisha wafungwa. Alipoondoka 2017 walikuwa wamebaki 41 na gereza liko wazi. Tofauti na mifano yetu, yeye alizuiwa na bunge. Kwetu, ibara ya 90 inamruhusu Rais kulivunja Bunge likikataa bajeti ya serikali, kwa hiyo kisingizio cha "wabunge wamenikatalia" hakipo.

17. Makamu akirithi kwa kifo cha Rais, anafungwa na ahadi za nani?

Kisheria, za yeyote na za hakuna. Ibara ya 37(5) inampa kipindi kilichobaki, na ibara ya 40(4) inasema kama kilichobaki ni miaka mitatu au zaidi atagombea mara moja tu. Kisiasa anafungwa na ilani aliyoinadi pamoja na marehemu. Samia alisema wazi yeye na Magufuli ni kitu kimoja, kisha Aprili 2021 akaunda kamati ya UVIKO-19, na tarehe 28 Julai 2021 akachanjwa hadharani. Mrithi wa namna hii hubadilisha kwa vitendo huku akiapa kwa maneno kwamba habadilishi. Usisikilize, soma.

18. Kuna aliyebadili bila kuahidi?

Mwinyi, tumeshamtaja. João Lourenço wa Angola alichaguliwa 2017 akidhaniwa kuwa kivuli cha José Eduardo dos Santos, aliyetawala miaka 38. Chini ya miezi miwili baada ya kuapishwa alimwondoa binti wa mtangulizi wake kwenye uongozi wa Sonangol, kampuni ya mafuta ya taifa. Chama tawala, MPLA, kimebaki kilekile, na kiti cha urais nacho hakikupunguzwa.

19. Naweza kumpeleka mahakamani kiongozi kwa ahadi aliyovunja?

Huwezi. Ilani si mkataba. Hata malengo ya taifa yaliyomo kwenye Sehemu ya Pili ya Sura ya Kwanza ya Katiba hayatekelezeki mahakamani. Ibara ya 7(2) inasema hivyo.

Mlango uliopo ni mwembamba na una saa zake. Muswada wa kawaida huchapishwa kwenye Gazeti la Serikali siku 21 kabla ya kusomwa mara ya kwanza, kisha kamati ya Bunge huita wadau Dodoma kutoa maoni, mara nyingi kwa notisi ya siku chache. Andaa maandishi mafupi, kurasa mbili: taja namba ya kifungu, maneno yaliyopo, maneno unayopendekeza, na sababu kwa sentensi tatu. Hotuba haziingii kwenye jedwali la marekebisho; vifungu huingia. Tuma kwa Katibu wa Bunge na nakala kwa mbunge wako. Muswada ukiletwa kwa hati ya dharura, kama ule wa maliasili wa 2017, zile siku 21 hazipo, na utakuwa na siku mbili tatu za kufanya yote haya.